Robo ya Milimita

Leo Fender hakujua kupiga gitaa. Alikuwa fundi redio wa Fullerton, mji mdogo wa California, aliyefungua duka lake la matengenezo mwaka 1938, na wanamuziki walimfahamu kwa sababu ndiye waliyempelekea ampulifaya zilizokufa. Mtu huyo ndiye aliyeingiza sokoni, mwaka 1950, gitaa la umeme la ubao mzima ambalo shingo yake ilishikwa na skrubu nne badala ya gundi. Mwaka 1954 akafuatisha Stratocaster, umbo ambalo hadi leo ni miongoni mwa yanayonakiliwa zaidi duniani. Kabla yake mtengeneza gitaa alikuwa seremala bingwa, mtu wa kukunja mbao nyembamba kwa joto na kuunganisha shingo na kifua kwa kiungo kisichofunguliwa ovyo. Fender alilitazama gitaa kwa jicho la fundi redio. Bodi ikatwe kwa mashine upande mmoja wa karakana, shingo ichongwe upande mwingine, pikapu (zile sumaku zinazonasa mtikisiko wa nyuzi) na waya zifungwe kwenye kipande kimoja, kisha vyote vikutane mezani kwa bisibisi. Kikiharibika kimoja kifunguliwe, kingine kiwekwe. Kwa hiyo gitaa la vipande, lile linalokuja ndani ya boksi ili mnunuzi aliunganishe mwenyewe, si bandia ya gitaa la umeme. Gitaa la umeme la ubao mzima liliingia sokoni likiwa vipande, na aliyeliingiza alikuwa mtu wa kazi ile ile inayofanywa kila siku kwenye vibanda vya mafundi wa Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndani ya boksi kwa kawaida mna bodi iliyokwisha kuchimbwa matundu, shingo yenye freti (vile vijichuma vinavyoikatiza) 21 au 22 zilizokwisha kupigwa, daraja la chuma, funguo sita za kukazia nyuzi, pikapu mbili au tatu, vitufe vya sauti, waya, skrubu, na seti moja ya nyuzi ambazo ni afadhali zitupwe mapema. Mtu anayejua kushika msasa na bisibisi ataisugua bodi, atapaka vanishi, atasubiri ikauke sawasawa, ataunganisha, na mwisho wake atakuwa na kitu kinachofanana na gitaa na kinacholia. Wengi huishia hapo. Hapo pia ndipo hutolewa hukumu inayosikika kila mahali dhidi ya magitaa haya: ni magumu vidoleni, hayakai kwenye sauti, yanakwaruza, yanavuma. Hukumu hiyo, kwa maoni yangu, inatolewa juu ya kazi ambayo haijaisha. Gitaa humalizikia pale linapowekwa sawa: shingo inapopewa mpindo wake, nyuzi zinapopewa kimo chake na urefu wake, na pikapu zinapopewa umbali wake. Kazi hiyo hakuna kiwanda cha ng'ambo kinachoweza kuimaliza kwa niaba ya mpigaji aliyeko Dar es Salaam, hata kilipwe kiasi gani. Lazima ifanyike hapa, na mitaa inayozunguka soko la Kariakoo ina karibu kila ujuzi unaohitajika.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo shahidi asiyebishaniwa. Kwenye gitaa la aina ya Fender, uzi unaopigwa mtupu una urefu wa milimita 648, kutoka kile kipande chenye vijifereji sita kilicho juu ya shingo hadi kwenye daraja. Freti ya 12 iko nusu ya safari, milimita 324, na hapo sauti hupanda oktava moja kamili. Kila freti inapandisha masafa ya sauti kwa kuyazidisha mara 1.0595 hivi, ndiyo maana ya kwanza iko milimita 36.4 kutoka juu na zinazofuata zinazidi kukaribiana kadiri unavyoshuka kuelekea bodi. Mashine za kisasa zinazoongozwa na kompyuta hukata mistari hii kwa usahihi mkubwa, na hazijali kama shingo inaenda kwenye gitaa la bei mbaya au kwenye boksi la bei nafuu. Kosa la vipimo vya freti, lililowatesa watengenezaji wa zamani waliotumia msumeno wa mkono, limekuwa nadra. Lakini hesabu hiyo ina dhana moja ndani yake: kwamba uzi ukikandamizwa haunyooshwi. Unanyooshwa. Kidole kikiusukuma hadi kwenye freti, uzi unarefuka kidogo, mkazo unaongezeka, na sauti inapanda kupita ilipotakiwa. Uzi ulioinuliwa juu sana unanyooshwa zaidi, na nyuzi nene huathirika kuliko nyembamba. Tiba yake ni kuuongezea kila uzi urefu kidogo upande wa daraja, kila mmoja kwa kiasi chake, na ndiyo sababu vikalio sita vya daraja lililowekwa vizuri, kila kimoja kikibeba uzi wake, havikai kwenye mstari mmoja. Kiwanda huvipanga kwa makisio, na makisio yanakufa siku mpigaji anapobadilisha unene wa nyuzi.

Kazi yenyewe huanzia shingoni. Nyuzi sita zikikazwa hadi sauti yake zinavuta kwa nguvu ya kilo 38 hadi 47 hivi, kutegemea unene, na nguvu hiyo hutaka kuipinda shingo mbele. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma inayokazwa kwa alenki ili ivute kinyume. Shingo haitakiwi kunyooka kabisa, kwa sababu uzi unapotikisika hujaa katikati na kuhitaji nafasi ya kucheza, na shingo iliyonyooka kupita kiasi itafanya nyuzi zigonge freti na kulia kama nzi kwenye chupa. Inatakiwa ipinde kidogo sana. Fundi hukandamiza uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, uzi wenyewe ukawa rula iliyonyooka, kisha hupima pengo lililobaki kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Robo ya milimita inatosha kabisa. Chombo cha kupimia pengo hilo hakiuzwi kwenye maduka ya muziki peke yake. Ni zile zile bapa nyembamba za chuma ambazo fundi magari hupimia nafasi ya tapeti, na Gerezani, hatua chache kutoka sokoni, ni mtaa wa spea na mafundi vyuma. Alenki inazungushwa robo ya mzunguko, si zaidi, kisha mtu anasubiri mbao zitulie na kupima tena. Hapa ndipo wenye haraka huvunja chuma cha shingo, na shingo iliyovunjika chuma chake ni kuni.

Baada ya shingo hufuata kile kipande cha vijifereji. Kwenye magitaa ya vipande ndicho kinachoachwa kikiwa kibovu kuliko vyote, kwa kuwa kuchimba vijifereji vizuri kunahitaji mkono, na mkono ni gharama ambayo kiwanda kinaikwepa. Vijifereji vikiachwa juu mno, kodi za mwanzo wa shingo zitasikika zimepotoka hata kama nyuzi tupu ziko sawa, na mwanafunzi atadhani masikio yake ndiyo yenye kasoro. Tupa nyembamba na subira ndiyo dawa yake. Kisha ndipo kinapopangwa kimo cha nyuzi kwenye daraja, milimita 1.6 hivi juu ya freti ya 12 kwa uzi mwembamba na karibu 2 kwa ule mnene. Urefu wa kila uzi unafuata: gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 upate ile sauti nyembamba inayoelea, kisha ukandamize hapo hapo, ulinganishe. Ile ya kukandamiza ikiwa juu, kikalio kinarudishwa nyuma, na ikiwa chini, kinasogezwa mbele. Programu ya bure kwenye simu inatosha kupimia. Pikapu hupangwa mwisho, kwa sababu sumaku yake ikikaribia nyuzi kupita kiasi inazivuta na kuharibu yote yaliyotangulia. Utaratibu huu haubadilishwi. Kila hatua inategemea iliyo nyuma yake, na anayerekebisha vikalio kabla ya kuiweka sawa shingo atavirekebisha tena.

Kwa nini basi isifanyike yote kiwandani? Jibu ni hewa ya pwani. Mbao hazifi hata baada ya kukatwa. Zinavuta na kuachia unyevu kufuata hewa iliyozizunguka. Ubao uliokaushwa hadi unyevu wa asilimia 8 au 9, ukiachwa mahali ambapo unyevu wa hewa unapita asilimia 80, kama ilivyo kawaida Dar es Salaam wakati wa masika, hupanda taratibu kuelekea asilimia 15. Ukipanda, unavimba kwa upana, si kwa urefu. Shingo mara nyingi imetengenezwa kwa mbao mbili zenye tabia tofauti zilizogundishwa pamoja, kwa hiyo kuvimba huko huipinda upande huu au ule. Gitaa lililowekwa sawa kikamilifu ndani ya karakana yenye viyoyozi, likasafiri kwenye kontena linaloungua juani, likafika kwenye chumba cha Ilala chenye feni, halina tena robo milimita yake. Kinachosemwa hapa juu ya gitaa la vipande kinaligusa pia gitaa la bei kubwa lililotoka Marekani. Tofauti ni kwamba mwenye gitaa la bei kubwa huona aibu kulifungua, akaendelea kupiga chombo kilichopotoka kwa heshima ya jina lililoandikwa kichwani mwake.

Muziki wetu wenyewe unaongeza uzito wa hoja hii kuliko muziki wa wengi. Dansi la Tanzania, kama rumba la Kongo lililolea sehemu yake, halitegemei gitaa moja linalokwaruza kodi nyuma ya mwimbaji. Linategemea magitaa kadhaa yanayosukana: solo, rizimu, mara nyingi na solo la pili katikati, besi ikiwa chini yao, kila mmoja na mstari wake, mistari ikipishana na kukutana. Solo hupigwa juu, kwenye freti za 10 hadi 17 na kupita, hasa muziki unapochangamka, na mara nyingi kwa nyuzi mbili kwa pamoja. Hapo ndipo makosa ya urefu wa uzi yanapokuwa makubwa kuliko kwingine. Chukua uzi mwembamba kwenye freti ya 12, ambao masafa yake ni hezi 659 hivi. Gitaa moja likiwa limepanda kwa sehemu moja ya kumi ya nusu-toni, kiasi ambacho mpigaji akiwa peke yake anaweza asikitambue, magitaa mawili yakikutana kwenye noti hiyo yatatoa mawimbi karibu 4 kila sekunde, sauti ikiyumba ndani na nje. Utamu wa magitaa ya bendi kama Mlimani Park au Vijana Jazz unategemea kukutana huko kuwe safi. Ndala Kasheba, aliyejulikana kwa gitaa lake la nyuzi 12, alibeba mzigo huo mara mbili, kwa kuwa nyuzi za gitaa hilo huenda jozi jozi na kila jozi ina nafasi ya kupotoka ndani yake yenyewe. Mtu anayepiga kodi tatu chini ya shingo anaweza kuishi na gitaa lisilowekwa sawa. Mpiga solo wa dansi hawezi.

Hapa lazima tuingie kwenye jambo ambalo historia ya muziki wa jiji hili imelizunguka kwa muda mrefu, nalo ni umiliki wa vyombo. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadilika jina, bendi nayo ilibadilika: JUWATA, kisha OTTU, hadi kuwa Msondo Ngoma. Polisi walikuwa na bendi yao, jeshi vivyo hivyo, Umoja wa Vijana ulikuwa na Vijana Jazz, shirika la mabasi la UDA na Shirika la Bima yalikuwa na zao. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na kampuni hiyo ilipokwisha ikachukuliwa mwaka 1983 na DDC, shirika lililokuwa na ukumbi wake maarufu hapa Kariakoo. Mfumo huu uliwapa wanamuziki mshahara, jambo la heshima ambalo wenzao wa nchi nyingi hawakulipata. Lakini gitaa lilikuwa mali ya mwajiri. Mpigaji alipohama, alihama na vidole vyake tu. Mwaka 1985 mfanyabiashara aliyemiliki Orchestra Safari Sound alipovuta wanamuziki muhimu wa Mlimani Park, akiwemo Muhidin Maalim Gurumo, alikuwa na kitu ambacho wao hawakuwa nacho: vyombo. Bendi ya Remmy Ongala, Super Matimila, ilibeba jina la mfanyabiashara aliyemiliki vyombo vyake. Jina la mwenye vyombo liliimbwa jukwaani, likaandikwa kwenye santuri, likasafiri hadi Ulaya. Ushahidi ulio wazi zaidi ya huo wa nani alikuwa na nguvu ni vigumu kuupata.

Nguvu hiyo ilitokana na uhaba. Baada ya vita vya Kagera, kuanzia mwaka 1979, nchi ilikosa fedha za kigeni, na gitaa, spika na hata seti ya nyuzi ni vitu vilivyohitaji fedha za kigeni. Mlango ulianza kufunguka mwaka 1984, waagizaji waliporuhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na leo wafanyabiashara wa Kariakoo hupishana kwenye ndege za kwenda Guangzhou. Uhaba wa vyombo umepungua sana. Uhaba wa ujuzi wa kuviweka sawa haujapungua kwa kasi hiyo, na hapo ndipo utegemezi wa zamani unaporudi kwa njia nyingine: mpigaji ana gitaa lake, lakini sauti yake iko mikononi mwa yeyote aliyeligusa mwisho, mbali, kwa haraka, bila kujua atapiga nini. Aliyeunganisha gitaa lake kutoka vipande amekwisha kuona kila skrubu inashika nini. Akiliweka sawa, analimiliki kwa maana ambayo wapigaji wengi wa miaka ya 1970, pamoja na ubingwa wao wote, hawakupewa nafasi ya kuifikia.

Pingamizi la kwanza linahusu mbao. Husemwa kwamba bodi ya boksi ni mbao laini za bei ya chini, na kwamba gitaa zuri hutaka mbao za ukoo. Kwa gitaa kavu, lile la galatoni, pingamizi hili ni la kweli, kwa sababu kifua cha gitaa kavu ndicho spika yake. Gitaa la umeme linafanya kazi tofauti. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya, na inachosikia ni uzi wa chuma ukitikisika mbele yake. Wapigaji wataendelea kubishana kuhusu mchango wa ubao kwenye sauti, lakini ubao hauna budi kufanya mambo mawili ambayo hayana ubishi: kushika skrubu bila kulegea, na kutulia. Kijana mmoja wa Uingereza, Brian May, alianza mwaka 1963 kutengeneza gitaa pamoja na baba yake, mhandisi wa elektroniki, kwa sababu hawakuwa na fedha za kununua. Shingo ilitoka kwenye ubao wa kale wa meko ya kuotea moto, bodi ikatumia mbao za meza chakavu, alama za shingoni zilikuwa vifungo vya nguo, na springi za daraja zilitoka kwenye injini ya pikipiki. Gitaa hilo ndilo alilorekodi nalo na kulipiga majukwaani kwa miongo mingi na bendi ya Queen, kando ya mwimbaji aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, Freddie Mercury. Ubao wa meko ulikuwa bora kwa sababu moja: baada ya miaka mia hivi karibu na moto, ulikuwa mkavu na umetulia. Wenye karakana za fanicha kule Keko wanaelewa sifa hiyo bila kuambiwa.

Ila pingamizi hili lina punje ya ukweli inayopaswa kukubaliwa bila kuzungushazungusha. Kuna shingo zinazokuja zimejisokota, upande mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, na chuma cha ndani kinarekebisha mpindo, hakirekebishi msokoto. Gitaa la namna hiyo halina dawa ila shingo nyingine. Kwa bahati, shingo nyingine inafungwa kwa skrubu nne.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa watu wanaoitakia nchi mema. Wanasema kuunganisha vipande vya China si kutengeneza kitu, na kwamba tunajidanganya tukiita ufundi. Nchi yenye mpingo, wanasema, ingechonga gitaa lake lenyewe. Nakubaliana na hamu yao, sikubaliani na mpangilio wa hatua zao. Mwaka 1970 Morogoro Jazz, pamoja na Mbaraka Mwinshehe na gitaa lake, walikwenda Osaka kupiga kwenye maonyesho ya Expo 70. Japani waliyofika ilikuwa nchi ambayo viwanda vyake vya gitaa vilikuwa vikinakili ya Wamarekani, kipande kwa kipande. Mwaka 1977 wamiliki wa kampuni ya magitaa ya Gibson walikwenda mahakamani Marekani dhidi ya msambazaji wa magitaa ya Ibanez kwa sababu ya umbo la kichwa cha gitaa, na mwaka 1982 Fender, wakiona nakala za Kijapani zimekuwa nzuri mno kupuuzwa, walianzisha kampuni ya Fender huko huko Japani. Wajapani hawakuruka hatua ya kuunganisha na kuweka sawa. Waliifanya kwa ukali hadi wakajua kila milimita inatafuta nini. Fundi ambaye hajawahi kusikia tofauti kati ya shingo yenye robo milimita na yenye milimita nzima hawezi kuchonga shingo, hata apewe mpingo wote wa Kilwa.

Na mpingo wenyewe uko. Ni mgumu na mzito kiasi cha kuzama majini, hauvimbi ovyo, na kwa sifa hizo viwanda vya Ulaya huununua kutoka kusini mwa Tanzania kwa ajili ya klarineti na obo. Ubao wa kupigia vidole shingoni, wenye unene usiofika hata sentimita moja, ni kipande kidogo ambacho mabaki ya wachongaji wa Mwenge mara nyingine yangetosha. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya jamii yote ya miti hiyo inadhibitiwa na mkataba wa CITES, na tangu Novemba 2019 ala za muziki zilizokwisha kutengenezwa zimeondolewa kwenye masharti hayo. Maana yake kibiashara ni kwamba mpingo unavuka mpaka kwa urahisi zaidi ukiwa chombo kuliko ukiwa gogo. Mninga nao ni mwepesi kiasi, hautembei sana ukikauka, na unakatika vizuri. Ni bodi ya gitaa inayongoja mtu wa kuikata.

Wapo wanaosema gitaa la bei nafuu lililokwisha kuunganishwa linapatikana dukani kwa fedha zisizopishana sana, kwa hiyo kusumbuka ni kwa nini. Lichukuliwe, hakuna ubaya, mradi lifunguliwe na kuwekwa sawa kama lingetoka kwenye boksi, kwa sababu kwa hali yake liko pale pale. Wengine wanasema bongo fleva hutengenezwa kwa kompyuta. Hilo linaeleza studio fulani. Halielezi kwaya na vikundi vya sifa vya makanisa, ambako kijana wa leo hujifunza gitaa kwa wingi, wala taarabu ya kisasa, wala bendi ambazo bado zinapiga mwisho wa wiki.

Lililobaki ni swali la nani afanye kazi hii. Mpigaji si lazima awe fundi, na sioni sababu ya kumlazimisha. Lakini kazi inahitaji mtu mmoja mwenye vipande vya ujuzi wa watu wanne: seremala anayejua mbao zinavyotembea, fundi vyuma wa kusawazisha freti kwa tupa na kuzirudishia mviringo, fundi simu ambaye kuunganisha waya mwembamba kwa risasi ni kazi yake ya kila saa, na mpigaji mwenye sikio. Wanne hao wanaishi ndani ya mwendo wa miguu kutoka Mnazi Mmoja. Vyuo vya ufundi vya VETA vinafundisha useremala na umeme, na chuo cha sanaa cha TaSUBa kule Bagamoyo kinafundisha muziki. Kozi fupi inayowakutanisha wanafunzi wa pande hizo mbili juu ya meza yenye gitaa la vipande ingegharimu kidogo kuliko vingi tunavyovigharimia.

Mbali na kuweka sawa, fundi huyo angeanza na umeme, kwa sababu ndiko gitaa la vipande linakodharauliwa zaidi na ndiko linakorekebishika kwa urahisi zaidi. Ule mvumo unaosikika spika ikiwa imewashwa na mpigaji hajagusa kitu ni umeme wa TANESCO wa hezi 50, unaopokelewa na pikapu ya koili moja kama antena. Karatasi ya shaba iliyobandikwa ndani ya matundu ya bodi na kuunganishwa na waya wa ardhi, pamoja na waya mmoja kutoka hapo hadi kwenye daraja, hupunguza kelele za umeme, ingawa haiumalizi mvumo wenyewe. Pikapu ya koili mbili, aliyoibuni Seth Lover akiwa Gibson mwaka 1955, huunyamazisha karibu wote, kwa kuwa koili ya pili imegeuzwa na mvumo unajifuta wenyewe. Kisha angefikia pikapu zenyewe. Ndani ya pikapu ya kawaida kuna mizunguko 7,000 hadi 8,000 ya waya wa shaba wenye unene wa milimita 0.06 hivi, mwembamba kuliko unywele wa watu wengi. Wasuka mota wa jiji hili huzungusha shaba kila siku, wakihesabu mizunguko kwa kaunta, kwa waya mnene zaidi kuliko huo. Sumaku ataagiza, na waya huo mwembamba ataagiza pia kwa kilo, kilo moja ikitosha pikapu nyingi. Mashine ya kuzungushia inaweza kutengenezwa kwa mota ya cherehani na kaunta. Kazi ngumu ni kuuongoza waya kwa mkazo ule ule hadi mzunguko wa mwisho bila kuukata, na hilo linajifunzwa kwa kukata mwingi kwanza.